Majaliwa, hiari na kichwa cha mzee wa Holland

Ukitaka kujua swali la teolojia linaweza kumfikisha mtu wapi, msome Johan van Oldenbarnevelt. Yeye lilimfikisha kwenye jukwaa la mbao katika uwanja wa Binnenhof mjini The Hague, asubuhi ya tarehe 13 Mei 1619. Alikuwa na miaka 71, anatembelea fimbo, na umati ulijaa kumwona akikatwa kichwa. Huyu hakuwa mhuni wala nabii wa mtaani. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa mwanasheria na msemaji mkuu wa jimbo la Holland. Ndiye aliyeisimamisha jamhuri changa ya Waholanzi mbele ya mfalme wa Hispania, akasaidia kuunda ile kampuni ya biashara ya Mashariki mwaka 1602, na mwaka 1609 akafanikisha mkataba wa kusitisha vita na Hispania kwa miaka 12.

Siku saba kabla ya kifo chake, katika kanisa kuu la mji wa Dordrecht, ulisomwa mbele ya watu uamuzi wa mkutano wa wachungaji na maprofesa waliokuwa wamekaa miezi sita wakijadili jambo moja. Je, Mungu huwachagua watakaookolewa kabla hawajazaliwa, bila kuangalia chochote ndani yao? Au huwachagua kwa sababu anajua nani ataamini na nani atakataa?

Rasmi, mzee hakuhukumiwa kwa swali hilo. Hukumu ilisema alivuruga dini na nchi. Lakini nani asiyejua kwamba hukumu za namna hiyo huandikwa kwa lugha ya sheria na husomwa kwa lugha nyingine kabisa?

Kabla sijaingia Holland, niseme kwanini mtu wa magazeti kama mimi anahangaika na wachungaji wa karne ya 17. Miaka michache baada ya kumaliza chuo nilitumwa kuripoti mazishi ya watu waliokufa kwenye ajali ya basi. Majeneza manne yamepangwa kwenye uwanja wa shule, jua kali, turubai halitoshi. Mhubiri akasema kazi ya Mungu haina makosa, siku zao zilikuwa zimefika, hata wangepanda basi jingine wangekufa tu. Watu wakaitikia amina. Mama mmoja aliyeketi kwenye mkeka karibu nami, mama mkubwa wa mmoja wa marehemu, akasema kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Na zile breki je?"

Abiria walionusurika walikuwa wameshasema kwamba dereva alilalamikia breki tangu kituo cha kwanza. Sikuliandika swali la yule mama, halikuwa na nafasi kwenye habari ya maneno 300. Ila halijanitoka. Na Kiswahili chenyewe kinalijua. Neno letu ajali limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, ukomo wa uhai wa mtu. Ndiyo maana wahenga waliposema ajali haina kinga hawakuwa wakizungumzia usalama barabarani. Sisi tumelichukua neno la majaliwa tukalibandika kwenye kugongana kwa magari, kisha tunashangaa kwa nini hakuna anayewajibika.

Swali hili Wakristo hawakulianza Holland. Kama kuna mahali lilipochachamaa mapema basi ni Afrika. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alimaliza uzee wake akibishana na mafundisho ya Pelagius, mtawa kutoka Uingereza aliyeamini kwamba mtu anaweza kutii amri za Mungu akiamua. Augustino alisema hapana, hata huko kuamua ni zawadi ya neema. Mwaka 418 mkutano wa maaskofu uliofanyika Carthage ukamhukumu Pelagius. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Luther na Erasmus wakalifufua, mmoja akiandika mwaka 1524 kutetea hiari ya mwanadamu na mwingine akimjibu mwaka uliofuata kwamba hiari hiyo imefungwa minyororo. Ukoo wa swali ni mrefu. Niruke sasa hadi kwa kijana mmoja yatima.

Jacobus Arminius alizaliwa Oudewater, mji mdogo wa Holland. Mwaka 1575, akiwa masomoni Ujerumani, alipata habari kwamba jeshi la Hispania limeuteka mji wake na kuchinja wakazi wake. Akarudi kwa miguu kwenda kuhakikisha. Mama yake na ndugu zake walikuwa wamekufa. Akarudi tena Ujerumani, baadaye akasoma Leiden, kisha Geneva chini ya Theodore Beza, mrithi wa Calvin mwenyewe. Mwaka 1588 akawekwa kuwa mchungaji Amsterdam.

Nalitaja hili la Oudewater kwa sababu kuna kawaida ya kuugawa mjadala huu kirahisi, kwamba wenye kuamini majaliwa ni watu wakavu wenye mioyo ya mawe, na wenye kuamini hiari ni watu wapole ambao hawajaonja shida. Hapana. Arminius alikuwa amezika, tena bila hata kuona makaburi. Na upande wa pili, Franciscus Gomarus, atakayekuwa hasimu wake mkubwa, alizaliwa Bruges, kwenye majimbo ya kusini yaliyobaki mikononi mwa Hispania. Familia yake ilihama kwa ajili ya imani. Kwa maelfu ya wakimbizi kama hao, mafundisho ya kuchaguliwa tangu milele hayakuwa fumbo la darasani. Ulipoteza nyumba, ulipoteza duka, umekaa ugenini. Kitu kimoja tu hakiwezi kuporwa, nacho ni kwamba Mungu alikuchagua kabla ya misingi ya dunia. Hakuna askari wa Kihispania atakayelifuta jina lako huko. Mtu anayeondoa hilo anakuondolea kitanda cha mwisho.

Basi tauni ilipoingia Amsterdam mwaka 1601, Arminius aliingia kwenye nyumba za wagonjwa. Katika barua kwa rafiki yake, Johannes Uytenbogaert, alieleza habari za waumini wawili aliowakuta wakiwa na hofu kubwa. Hawakuwa wanaogopa tauni. Walikuwa wanaogopa kwa sababu hawakusikia mioyoni mwao ule uhakika wa kusamehewa, na walishafundishwa kwamba uhakika huo ndio dalili ya mteule. Kwa hiyo walijiuliza, je, kutokuwa nao maana yake sikuchaguliwa? Kwangu mimi hapa ndipo kiini cha habari nzima kilipo. Wanahistoria wamebishana sana Arminius alibadilika lini. Hadithi ya zamani inasema aliombwa aandike kumpinga Coornhert, mwandishi aliyeyashambulia mafundisho ya Calvin, na katika kuandaa majibu akajikuta amekubaliana naye. Carl Bangs, aliyeandika maisha yake mwaka 1971, aliitilia shaka sana hadithi hiyo, akaona pengine Arminius hakuwahi kuyakubali mafundisho ya Beza tangu mwanzo. Vyovyote iwavyo, barua ile ya wakati wa tauni inanieleza zaidi kuliko hadithi ya Coornhert.

Mwaka 1603 akaitwa kuwa profesa Leiden, na Gomarus alikuwa hapohapo. Mambo yakaanza kupamba moto.

Hoja zenyewe si ngumu kama zinavyoogopwa. Gomarus alisema Mungu aliamua kwanza kabisa, hata kabla ya kuamua kuumba, kwamba wengine wataonyesha rehema yake na wengine haki yake. Uumbaji, dhambi ya Adamu na msalaba ni njia ya kufikia uamuzi huo. Arminius akauliza, basi dhambi ni ya nani? Kama Mungu aliamua nianguke ili apate wa kumhukumu, mwenye kosa ni nani kati yetu? Huwezi kusema Mungu ni mwema kisha ukamfanya yeye kuwa chanzo cha uovu, alisema, na hotuba yake ya Oktoba 1608 mbele ya wawakilishi wa Holland ilirudia jambo hili kwa namna nyingi mpaka likachosha.

Gomarus naye hakukosa jibu. Ukisema Mungu anamchagua yule anayejua ataamini, umeifanya imani ya mtu kuwa sababu na Mungu kuwa msubiri. Anakaa mbinguni anaangalia nani atapandisha mkono. Wokovu unakuwa kazi ya mtu, na leo nikiamini kesho nikaacha, hata Mungu hana la kufanya.

Hapo katikati kuna suala la Mungu kujua kabla, ambalo watu wengi huliona ndilo suluhisho. Kujua si kusababisha, wanasema. Na ni kweli. Mimi najua daladala za Mbagala zitajaa saa 12 jioni, na kujua kwangu hakupakii abiria hata mmoja. Ila mfano huo unafika mahali unakwama, kwa sababu mimi sikuutengeneza mji, wala barabara, wala tumbo la njaa linalomkimbiza mtu kwenda nyumbani jioni. Aliyetengeneza vyote hivyo huku akijua kila kitakachotokea yuko kwenye nafasi nyingine. Mjesuiti wa Kihispania, Luis de Molina, alikuwa ameandika mwaka 1588 kwamba Mungu anajua pia kila mtu angefanya nini katika kila hali inayowezekana, na Arminius, Mprotestanti wa Holland, aliitumia hoja hiyo bila aibu. Wakatoliki wenyewe waligombana juu yake. Wadominiko na Wajesuiti walipelekana Roma, tume ikakaa miaka na miaka, na mwaka 1607 Papa Paulo V akamaliza kesi kwa namna ambayo naipenda sana. Hakuamua. Aliwaambia kila upande urudi nyumbani na upande mmoja usiuite mwingine wazushi.

Waholanzi walikuwa na nafasi hiyohiyo mwaka 1608, Arminius na Gomarus walipoitwa The Hague. Baada ya kuwasikiliza, Oldenbarnevelt alisema anamshukuru Mungu kwa kuwa tofauti zao hazigusi misingi ya imani. Gomarus akajibu kwamba yeye asingethubutu kusimama mbele ya kiti cha hukumu akiwa na mawazo ya Arminius. Kaa na jibu hilo kidogo. Mwanasiasa ameona ugomvi wa wasomi. Profesa ameona moto wa milele.

Arminius alikufa Oktoba 1609. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata wachungaji zaidi ya 40, wakiongozwa na Uytenbogaert, waliandika hati ya malalamiko yenye vipengele vitano, na kwa neno hilo la malalamiko wakaitwa Waremonstranti. Wanaowaita wapagani wa hiari huwa hawajaisoma. Kipengele cha tatu kinakubali waziwazi kwamba mtu hawezi kuamini kwa nguvu zake mwenyewe bila neema. Wanachokataa ni kwamba neema hiyo haiwezi kukataliwa. Mtu anaweza kuufunga mlango, na Mungu hauvunji. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Sasa siasa. Nitapita haraka maana ni ndefu. Jamhuri ilikuwa na majimbo saba, na Holland ndiyo ilikuwa tajiri kuliko yote. Oldenbarnevelt alishikilia kwamba kila jimbo lina mamlaka juu ya kanisa lake na serikali inaweza kuwaamuru wachungaji wavumiliane. Wapinzani wakasema kanisa lina haki ya kuamua mafundisho yake katika sinodi ya taifa zima. Ukitazama, hili nalo ni swali la enzi. Nani ana neno la mwisho? Juu ya hapo weka mkataba wa amani na Hispania, ambao wengi, hasa wakimbizi wa kusini, waliuona ni usaliti, na weka wafanyabiashara wa Amsterdam waliotaka kampuni ya kuishambulia Hispania kule Amerika, kampuni ambayo mzee aliizuia na ambayo iliundwa mwaka 1621, miaka miwili tu baada ya kifo chake. Baadaye kampuni hiyo ikawa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa wa Kiafrika.

Watu wa kawaida nao waliingia. Huko The Hague, waumini wasiotaka kumsikiliza Uytenbogaert walitembea kwa miguu kila Jumapili hadi Rijswijk kusikiliza mahubiri ya upande wao, wakapewa jina la utani kwa sababu ya matope waliyorudi nayo. Februari 1617 umati ulivamia nyumba ya mfanyabiashara Rem Bisschop mjini Amsterdam na kuipora, kwa kuwa yeye ni Mremonstranti na mdogo wake ni yule mwanateolojia anayejulikana kwa jina la Episcopius. Kuhusu jemadari wa jeshi, Mwanamfalme Maurits, inasimuliwa kwamba alisema hajui kama majaliwa yana rangi ya kijani au buluu. Sidhani alikuwa anatania. Lakini Julai 1617 alikwenda kusali hadharani pamoja na wapinzani wa Waremonstranti. Wiki mbili baadaye Holland ikaruhusu miji yake kuandikisha askari wao. Agosti 1618 Maurits akamkamata mzee, na pamoja naye Hugo Grotius, mwanasheria aliyekuwa na umri wa miaka 35.

Sinodi ilifunguliwa Dordrecht tarehe 13 Novemba 1618. Wajumbe walitoka Uingereza, Uskoti, Uswisi, Geneva na sehemu kadhaa za Ujerumani. Wafaransa walikatazwa na mfalme wao, viti vyao vikabaki wazi. Vikao vilifika 154. Waremonstranti, wakiongozwa na Episcopius, hawakuitwa kama wajumbe, waliitwa kama washtakiwa. Wakagoma kufuata utaratibu, na tarehe 14 Januari 1619 mwenyekiti, Johannes Bogerman, aliwafukuza kwa hasira ambayo hata marafiki zake waliionea aibu. Baada ya hapo upande mmoja ukajadili wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo haukuelewana. Gomarus alifikia kumtupia glovu mjumbe wa Bremen, yaani kumtaka wapigane. Mwingereza aliyekuwa akifuatilia vikao na kutuma barua, John Hales, anasemwa na rafiki yake kwamba huko Dordrecht, alipomsikia Episcopius akieleza Yohana 3:16, alimuaga Calvin usiku mwema.

Nilipozisoma kanuni za Dordrecht nilitarajia mawe. Yamo. Uchaguzi hauna masharti, neema haizuiliki, aliyechaguliwa hapotei. Wazungumzaji wa Kiingereza baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, walizipanga kwa herufi tano zinazounda jina la ua la tulipu, na wengi siku hizi wanalijua ua tu. Ila katika sura ya kwanza kuna vifungu viwili ambavyo sikuvitarajia. Kimoja kinawaambia wazazi wacha Mungu waliofiwa na watoto wachanga wasiwe na shaka kuhusu kuchaguliwa kwa watoto hao. Kingine kinasema na mtu ambaye bado hasikii ndani yake imani hai na uhakika wa moyo, kinamwambia asitishike anaposikia habari za waliokataliwa, aendelee na sala na subira.

Yaani ni wale wagonjwa wawili wa Amsterdam! Sinodi iliyokusanyika kumpinga Arminius ilikuwa inakitazama kitanda kilekile. Kila upande ulikuwa na dawa yake na kila upande ulimwona mwenzake anampa mgonjwa sumu. Naamini wote walikuwa wakweli. Kilichoua hakikuwa upande mmoja kuwa na jibu baya. Ni kwamba jibu moja lilifanywa sheria ya nchi huku jingine likiwa kosa, na mara hiyo kitu ambacho Papa alikiacha wazi kikapata askari, jela na jukwaa. Wachungaji kama 200 walivuliwa kazi. Waliokataa kutia sahihi ya kunyamaza, karibu 80, walifukuzwa nchini. Mwaka huohuo, wakiwa Antwerp, kwa ajabu ya historia wakilindwa na mji ulio chini ya Hispania, waliunda udugu wao, ambao upo mpaka leo.

Usiku wa mwisho wa Oldenbarnevelt nao ulikuwa na teolojia. Antonius Walaeus, mjumbe wa sinodi, alipelekwa gerezani kumwandaa, na wakaongea kuhusu majaliwa mpaka usiku mkubwa. Mzee hakuwa Mremonstranti wa vitabu. Kaulimbiu yake, aliyoirithi kwa babu yake, ilisema kwamba kutojua ndiyo imani iliyo salama zaidi. Alimwomba Walaeus aende kwa Maurits amwombee msamaha kwa lolote alilomkosea na amwombe awatazame watoto wake. Maurits alisikiliza, kisha akauliza kama mzee ametaja kuachiliwa. Walaeus akajibu ukweli, hakutaja.

Hapa kuna kinaya ambacho siwezi kukipita. Mwanamfalme aliyewapa ushindi watetezi wa neema isiyo na masharti alikuwa na rehema yenye sharti moja, uombwe. Na mzee anayeshtakiwa kwa kuwalinda watetezi wa hiari, hiari yake aliitumia kukataa kuomba. Kuomba kungekuwa kukiri. Jukwaani alimwambia umati kwamba hafi kama msaliti, akamhimiza mkata kichwa afanye haraka.

Grotius alipewa kifungo cha maisha katika ngome ya Loevestein. Mtu huyu ndiye aliyeandika mwaka 1609 kwamba bahari ni ya wote, akiwajibu Wareno, ambao wakati huo walikaa Fort Jesus kule Mombasa wakidai Bahari ya Hindi ni njia yao. Gerezani aliruhusiwa sanduku la vitabu liingie na kutoka. Mkewe, Maria van Reigersberch, akaona walinzi wamechoka kulikagua. Tarehe 22 Machi 1621 Grotius alijikunja ndani ya sanduku, mtumishi Elsje van Houwening akalisindikiza kwa mashua. Walinzi, inasimuliwa, walilalamika kwamba ni zito kana kwamba kuna Mwarminius ndani. Akafika Paris, na leo makumbusho zaidi ya moja zinadai kuwa na sanduku lenyewe.

Huku kwetu pande zote mbili zilifika bila kelele, zikiwa zimefungwa ndani ya mizigo ya wamisionari. John Wesley, aliyegombana na rafiki yake George Whitefield juu ya swali hilihili, alianzisha mwaka 1778 jarida alilolipa jina la Arminius, na Wamethodisti wake walifungua kituo Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Waskoti walioleta kanisa la Presbiteri Kibwezi mwaka 1891 walitoka upande wa pili. Waumini wa makanisa hayo leo wanaoana na kuzikana, na sijawahi kusikia ndoa iliyovunjika kwa sababu ya vipengele vitano. Mazishini hata hivyo namsikia Mmethodisti akisema siku yake ilifika, na Mpresbiteri akisema dereva alikuwa mzembe.

Familia ya mzee, kule The Hague, ilikuwa haijamaliza. Mwaka 1623 wanawe wawili, Reinier na Willem, walihusika katika njama ya kumuua Maurits. Ikagunduliwa. Willem, aliyekuwa kinara, alitoroka. Reinier akakamatwa. Mama yao, Maria van Utrecht, ambaye mwaka 1619 hakwenda kumwombea mumewe, safari hii alikwenda kwa Maurits kumwombea mwanawe. Maurits, inasimuliwa, alimuuliza kwa nini leo anaomba na siku ile hakuomba. Akajibu kwamba mumewe hakuwa na kosa, lakini mwanawe analo.

Reinier alikatwa kichwa Machi 1623.